Chakula cha Mchana ni Sehemu ya Kazi

Ipo tabia moja katika jiji la Nairobi ambayo husifiwa, ilhali yastahili kulaumiwa. Mtu hushinda kazini tangu asubuhi hadi jioni bila kutia kitu cha maana tumboni, kisha hujisifu mbele ya wenzake akisema, "Leo nilikuwa na kazi nyingi hata sikupata nafasi ya kula." Wamsikiao hutikisa vichwa kwa kumstahi, kana kwamba ametenda tendo la ushujaa. Mimi nasema hakutenda ushujaa wowote. Aliacha sehemu moja ya kazi yake bila kuifanya. Maana kula ni sehemu ya kazi, kama vile kunoa shoka kulivyo sehemu ya kukata mti.

Sisemi haya kwa kuwa nilizaliwa na hekima. Nilipomaliza chuo cha ualimu nilipewa darasa katika shule moja magharibi mwa jiji, nami nilikuwa nimepanga chumba Kangemi. Nilitaka kuonekana mwalimu hodari. Ilipofika saa saba wenzangu walikwenda kula. Mimi nilibaki na rundo la madaftari na kikombe cha chai. Alasiri moja nilimsimamisha mvulana mbele ya darasa nikamkemea kwa hesabu niliyodhani ameikosa. Alinitazama kwa woga, akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, tafadhali itazame tena." Niliitazama. Jawabu lake lilikuwa sahihi. Macho yangu ndiyo yaliyoruka tarakimu moja. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake, lakini aibu ile sijaisahau. Njaa niliyojitakia mwenyewe ilimwadhibu mtoto wa watu. Tangu siku hiyo hujiuliza: ni abiria wangapi walio mikononi mwa dereva asiyekula, na wagonjwa wangapi walio mikononi mwa muuguzi wa namna hiyo?

Watetezi wa tabia hii wana hoja tatu. Ya kwanza ni muda. Lakini ofisi nyingi katikati ya jiji hupumzika kati ya saa saba na saa nane mchana. Simama katika Mtaa wa Tom Mboya wakati huo uone saa hiyo inavyotumiwa. Mmoja angoja chipsi dirishani, wa pili akimbilia soda, wa tatu ainamia simu yake. Asemaye kwamba hana dakika 20 za kuketi na kula, ana dakika 40 za kutazama mambo ya watu wengine. Muda haukukosekana, umetupwa.

Hoja ya pili ni fedha. Husemwa kwamba chakula bora ni cha matajiri wa Lavington na Kileleshwa. Hili si kweli. Nenda kwenye kibanda cha mama mpishi, ukalinganishe bei. Sahani ya githeri au ya maharagwe pamoja na sukuma wiki mara nyingi haifikii bei ya chipsi na soda. Tena, anunuaye soda hununua nini? Soda nyingi za chupa ya mililita 300 zina sukari ipatayo gramu 30. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu zote za chakula cha siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima wa kawaida. Basi chupa moja tu imekula zaidi ya nusu ya kipimo hicho, wala haikumpa mnywaji protini, madini wala vitamini ya maana. Shirika hilo hilo hutaka mtu ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Mboga hizo huletwa kila alfajiri kutoka Wangige na Kikuyu, zikauzwa njiani Kangemi na Kawangware, mbele ya macho yetu, nasi twazipita tukikimbilia mafuta.

Hoja ya tatu haitamkwi kwa mdomo, nayo ndiyo yenye nguvu kuliko zote: ni fahari. Kijana atokaye Kawangware kwenda kazini huona haya kubeba chakula kutoka nyumbani. Githeri huitwa chakula cha shule za bweni, na ninyi mnaosoma ukurasa huu huenda wengi mmeapa kwamba siku mtakayomaliza shule hamtakionja tena. Lakini wahenga walisema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Chipsi hujitembeza kwa taa za kioo na harufu ya mafuta. Githeri haina taa. Hata hivyo elimu ya chakula imethibitisha busara ya bibi zetu. Mahindi yana upungufu wa laisini, ambayo ni kiungo kimoja cha protini. Maharagwe yanayo kwa wingi. Maharagwe nayo yana upungufu wa methionini, na mahindi hulijaza pengo hilo. Ukiongeza mboga za majani na chungwa, vitamini C iliyomo huusaidia mwili kuyapokea madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe. Je, kuna aibu gani hapo?

Yafaa hata hivyo nitende haki. Wako watu wasiokula mchana kwa sababu hawana kitu, si kwa fahari wala kwa uvivu. Pita saa saba katika bustani ya Jeevanjee, iliyotolewa kwa umma mwaka 1906, utawakuta wameketi wakiwasikiliza wahubiri hadi saa ipite. Hao siwalaumu, anayewalaumu hana huruma. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 43, yampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na ya kupata chakula cha kutosha kilicho bora. Mwaka 2023 Kaunti ya Jiji la Nairobi ilianzisha mpango wa Dishi na County, ambao mzazi alitakiwa kutoa shilingi 5 tu kwa mlo wa mtoto wake shuleni. Ikiwa tumekubali kwamba mtoto hawezi kujifunza kwa tumbo tupu, kwa nini twadhani kwamba baba yake aweza kupanda ngazi na kupanga matofali akiwa na tumbo lilo hilo? Mwajiri anayeikata saa ya chakula, au anayelipa mshahara usiotosha sahani moja ya maharagwe, ajua anachokifanya. Anajipatia faida kutoka katika mwili wa mtu mwingine.

Ninyi wanafunzi, karibuni mtaingia kazini. Wengine mtakuwa makarani, wengine mafundi, wengine waajiri. Jifunzeni sasa kuloweka maharagwe usiku na kuyapika mwisho wa wiki. Chakula mkitie kingali moto katika chombo kinachotunza joto, maana kilichopikwa hakifai kukaa zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida. Ketini mle bila haya mbele ya yeyote. Na siku mtakapopewa mamlaka juu ya wenzenu, saa saba ikifika, wekeni kalamu chini ninyi kwanza, ili aliye chini yenu asiogope kuiweka yake.