Ukumbi wa Mikutano Ujengwe Ukunda, Usipelekwe Ufukweni

Ndugu zangu wa Kwale, anayetaka kuwakusanya watu mia tatu kwa mkutano wa siku mbili katika pwani yetu ya kusini hana budi kwenda kubisha hodi kwenye hoteli za Diani. Huko atapewa ukumbi wa hewa baridi, chai ya saa nne, na bei inayopanda na kushuka kwa msimu. Ukumbi wa umma wa hadhi ya kimataifa hatuna. Naamini siku ya kuujenga itafika, kwani Ukunda na Diani zinakua kila mwaka, na barabara ya Dongo Kundu imeshafungua njia: mgeni anayeteremka treni Miritini aweza kufika kwetu bila kukanyaga feri ya Likoni. Kwa hiyo nasema mapema, kabla fedha hazijatengwa na kabla fundi hajachora ramani. Ukumbi huo ujengwe katikati ya mji wa Ukunda. Usipelekwe ufukweni, wala usitupwe porini kwa sababu tu ardhi ya huko ni rahisi.

Mtu ataniuliza: wewe wa Mkwiro, kisiwani Wasini, mahali pasipo hata gari, majengo ya Ukunda yakuhusu nini? Yanihusu sana. Mtu wa Mkwiro akiitwa mkutanoni hupanda mashua hadi Shimoni, akapanda matatu mpaka Kanana kwenye barabara kuu, kisha akangoja nyingine impitishe Ramisi na Msambweni hadi Ukunda. Nauli yake aliyoihesabu tangu usiku huishia pale steji. Ukumbi ukiwa mwendo wa miguu kutoka hapo, amefika. Ukiwa ndani ya lango la ufukweni, ataongeza pesa ya tuktuk, halafu asimame mbele ya askari wa mlangoni anayemwuliza amekuja kumwona nani. Nimeyaona macho ya askari hao yakiteremka taratibu kutoka usoni mwa mtu hadi kwenye ndara zake. Hapigwi, hatukanwi, huambiwa tu angoje pembeni. Na mama mkulima wa mwani aliyetoka kwake alfajiri, akingojeshwa pembeni mpaka hotuba ya ufunguzi imalizike, mara ya pili haji.

Tazameni Nairobi. Jumba la mikutano la KICC lilianza kujengwa mwaka 1967, likiwa limekusudiwa kuwa makao makuu ya chama cha KANU. Kazi ikakua mikononi mwa wasanifu wake, David Mutiso na Karl Henrik Nøstvik, hadi likawa mnara wa ghorofa 28 wenye kumbi kubwa chini yake, na mwaka 1973 likawapokea wajumbe wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, waliokuwa wakifanya mkutano wao wa mwaka barani Afrika kwa mara ya kwanza. Wangeweza kulipeleka Karen kwenye miti na upepo. Waliliweka mjini, jirani na Bunge, Mahakama na jumba la jiji. Matunda yake yanaonekana kila saa saba mchana. Wajumbe hutoka na vitambulisho vyao vinaning'inia shingoni, wakatawanyika. Huyu anatafuta chaja ya simu, yule anashonewa kifungo cha koti, wa tatu amechoshwa na vyakula vya mkutano anataka chai na chapati. Hakuna waziri aliyepanga pesa hiyo imfikie fundi cherehani. Imemfikia kwa sababu yuko njiani.

Sasa linganisheni na mgeni wa mkutano kwenye hoteli ya ufukweni iliyolipiwa kila kitu. Amevishwa kikuku cha plastiki mkononi tangu alipopokelewa, na kikuku kile ndicho chakula chake, kinywaji chake na burudani yake. Aweza kukaa siku nne Diani asinunue hata bajia ya shilingi kumi. Siwalaumu wenye hoteli, hiyo ni biashara yao na wameajiri watoto wetu wengi. Lakini fedha ya umma isitumike kujenga ua wa namna hiyo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji atapona vipi na mgeni hajatoka nje ya geti?

Arusha nayo ina funzo lake, na mimi huliona kubwa kuliko la Nairobi. Majengo ambayo leo ni kituo cha mikutano cha AICC, yenye mabawa matatu ya Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro, yalijengwa yawe makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ikavunjika mwaka 1977. Kama yangekuwa porini, yangebaki nyumba ya popo. Kwa kuwa yalikuwa mjini, mwaka uliofuata yakageuzwa kituo cha mikutano, ofisi zikapangishwa, na kwa miaka ishirini, kuanzia 1995 hadi 2015, ikawa humo Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda. Mkataba wa amani wa Burundi nao ulitiwa sahihi mjini humo Agosti 2000. Jengo la umma hupoteza kazi liliyokusudiwa mara nyingi kuliko tunavyopenda kukiri. Likiwa katikati ya watu hupata kazi nyingine. Hata Dar es Salaam, walipojengewa kituo cha Julius Nyerere kilichofunguliwa 2013, walikiweka mjini, si mbali na bahari na ofisi za serikali.

Wapo watakaonitajia Bomas. Kweli, mwaka 2025 serikali ilianza kujenga kituo kipya cha mikutano cha kimataifa huko Lang'ata, nje ya katikati ya jiji la Nairobi, na hoja zake si za kupuuzwa: nafasi ipo, magari yanapata pa kukaa, misafara ya marais haifungi mji mzima. Tena mkutano wa Katiba wa 2003 na 2004 ulifanyika Bomas, wala mjadala haukupungua makali kwa sababu ya umbali. Lakini Nairobi inaongeza ukumbi wa pili ilhali wa kwanza umesimama mjini kwa zaidi ya nusu karne. Sisi tutapata mmoja. Aliye na shuka moja haitandiki barazani kwa ajili ya wapita njia, hulala nayo.

Hoja nzito zaidi ni ya bahari. Wataniambia mgeni hafungi safari kutoka Ulaya au Johannesburg aje kukaa Ukunda kwenye vumbi na honi za bodaboda. Anataka mchanga mweupe. Na aupate! Alale ufukweni, aogelee asubuhi, apande tuktuk dakika chache aingie mkutanoni, jioni arudi. Vitanda vitabaki kwenye hoteli zile zile. Isitoshe, ukumbi wa namna hii ndio utakaozisaidia kuanzia Aprili, kusi linapoanza kuvuma, mvua za masika zinapomwagika na wapishi na wahudumu wanaporudishwa makwao hadi msimu urejee. Mwenye hoteli hana sababu ya kuuogopa ukumbi wa Ukunda, isipokuwa kama hesabu yake ni kwamba hata chai ya saa nne lazima inywewe kwake.

Ufukwe wenyewe tayari umebanwa. Njia za umma za kushukia baharini zinajulikana zilivyopungua, na kila ukuta mpya huwasogeza wavuvi na watoto wa shule mbali zaidi na maji yao. Sitaki kusikia kwamba suluhisho ni kuingia upande wa msituni. Kaya Ukunda na Kaya Diani si viwanja vilivyosahauliwa; ni mahali pa wazee wa Kidigo, na misitu ya kaya za Mijikenda iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008, Kaya Kinondo ikiwa miongoni mwake. Mbega wa Diani, waliolazimika kutengenezewa madaraja ya kamba juu ya barabara, nao wameshatuachia nafasi ya kutosha.

Inabaki shida ya kiwanja, na hapa ndipo ninapowaomba muwe wakali. Ardhi ya katikati ya mji ni ghali, na ardhi ya umma katika pwani hii ina tabia ya kuamka asubuhi ikiwa na mwenyewe. Msidhani ni Kwale peke yake. KICC yenyewe, iliyojengwa kwa fedha za Wakenya, ilikaa mikononi mwa chama kwa miaka mingi hadi serikali ilipoirudisha kwa umma mwaka 2003. Basi kabla ya jiwe la msingi, kabla ya utepe kukatwa na picha kupigwa, tuonyeshwe hatimiliki. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, imeiweka ardhi ya umma ya kaunti chini ya serikali ya kaunti kwa amana ya wakazi, ikisimamiwa na Tume ya Taifa ya Ardhi. Karatasi isomwe hadharani, kwa Kiswahili, ukubwa wa eneo na mipaka yake. Kiwanja kisicho na karatasi kikataeni hata kikiwa mbele ya msikiti.

Kisha tudai jengo lenyewe lisiupe mji mgongo. Ghorofa ya chini iwe na maduka yanayofunguka upande wa barabara, si upande wa ndani tu. Kuwe na mahali palipopangwa kwa wauza viazi karai na madafu, ili wasifukuzwe na askari wa kaunti kila waziri anapokuja. Vyoo vya umma viwepo, vyenye maji. Siku zisizo na mkutano, na zitakuwa nyingi, ukumbi ukodishwe kwa harusi, mashindano ya Kurani na mikutano ya vyama vya wavuvi, kwa bei iliyobandikwa ukutani, pasiwe na bei ya anayejulikana na bei ya asiyejulikana.

Novemba 2018 Kenya iliandaa mkutano mkubwa wa dunia kuhusu uchumi wa bahari. Ulifanyika KICC, Nairobi, safari ya siku nzima kutoka penye maji ya chumvi, na mambo ya pweza, mwani na nyavu yakazungumzwa huko huku wengi wa wenye nyavu wakiwa kwao. Haukuwa ubaya wa mtu. Ukumbi wa kutosha ulikuwa Nairobi. Mkutano kama huo ukija Ukunda, mvuvi wa Mkwiro aweza kuingia kwa miguu yake, akae, aulize swali. Masharti yake ni machache: aandikiwe nafasi, swali lake lipokewe kwa Kiswahili, na kikao kifungwe saa tisa, awahi mashua ya Shimoni kabla ya magharibi.