Kamina: Rangi mpya haivuti treni

Kamina ni njia panda ya reli za Lubumbashi, Ilebo na Kalemie. Wakaaji wa Sanga na familia zilizohama makwao wanajua uchungu wa kungoja treni na watoto na mizigo.

Kuna fundisho kutoka Kenya. Kuanzia 1955, reli ya Afrika Mashariki ilipokea mashini 34 za mvuke aina ya Garratt, zenye majina ya milima, kwa kuvuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Baadaye zilifungiwa bomba la moshi lililobuniwa na Giesl, injinia wa Austria. Bomba la mviringo likawa bembamba, kama limefinywa. Wapo walioona limeharibu sura. Lakini chini yake mvuke ulitokea midomo midogo iliyopangwa mstari: ukavuta moshi vizuri, moto ukawaka, pistoni zikasukuma bila kuzuiliwa.

Pale sura ilifuata kazi. Hata hapa, kichwa cha treni kikitengenezwa, raia wasitazame rangi tu. Waulize: kinavuta tani ngapi? Kinafika siku gani? Mama aliye kwenye gare hangoji rangi, anangoja kufika.