Wanafunzi wa Kipawa na Wazee wa Nunge

Aghalabu wanafunzi wetu wa Dar es Salaam, wanapokwenda kuwazuru wazee wa makazi ya Nunge kule Kigamboni, huchukua sabuni, unga na mchele, wakaimba, wakapiga picha, kisha wakaondoka. Nao wazee, baada ya kushukuru kwa taadhima, hurejea katika ukiwa ule ule. Sadaka hiyo siibezi hata kidogo, kwani mwenye njaa hashibi maneno; lakini asiye na mwana wala jamaa wa kumjulia hali ana haja pia ya mtu alijuaye jina lake, atakayerudi Jumamosi ijayo kuisikiliza hadithi iliyokatizwa.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliyahesabu makazi kama hayo kuwa kimbilio la mwisho, familia ikishindwa. Basi na aliyefika huko asisahauliwe nasi.

Huko Deventer, Uholanzi, nyumba ya wazee ya Humanitas huwapa wanafunzi malazi bila kodi, kwa sharti la kukaa na wazee saa 30 kila mwezi. Kwetu yatosha shule za Kipawa, mtaa wa Dar es Salaam ambao wazee wake waliwaona majirani wakihamishwa kuupisha uwanja wa ndege, zimkabidhi kila mwanafunzi mzee mmoja wa kumzuru mwaka mzima, wa Nunge au wa jirani, na kuziandika khabari zake kwa ridhaa yake. Nauli ya daladala na pantoni, halmashauri isiwe bahili kuilipa.