Tutazame Ubavu wa Pili

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Ewe msomaji mpenzi, leo naomba kuwapinga wahenga kidogo, kwani mimi nilikuwa na macho mawili mazima na bado nilihitaji kuambiwa.

Marehemu babu yangu, mzaa mama, alikuwa mpishi katika nyumba ya Mzungu kabla ya Uhuru wa 1963. Familia ile ilipoondoka ilimwachia albamu ya stempu. Likizo ya Aprili mama aliitoa sandukuni, nami nikaiona humo stempu moja nyekundu ya Uingereza, yenye kichwa cha Malkia Victoria na bei ya peni moja.

Nikaanza kusoma habari zake. Stempu ya kwanza duniani ya kubandikwa kwenye barua iliitwa Penny Black, na ilitolewa Uingereza mwezi wa Mei 1840. Ilichapwa kwa bamba la chuma lenye stempu 240, yaani safu 20 na kila safu stempu 12. Hesabu hiyo haikuja bure. Peni 12 zilikuwa shilingi moja na peni 240 zilikuwa pauni moja, kwa hivyo safu nzima iliuzwa shilingi. Kila stempu iligongwa herufi mbili katika pembe za chini ili kuwatatiza waghushi. Herufi ya kushoto ilitaja safu, kuanzia A hadi T. Ya kulia ilitaja nafasi ndani ya safu, kuanzia A hadi L. Stempu ya kwanza ni AA, ya mwisho ni TL.

Je, utajuaje imetoka bamba gani? Mabamba ya Penny Black yalikuwa 11, na kila bamba lina AA yake! Siri ni kwamba herufi ziligongwa kwa mkono, moja moja, na fundi ni binadamu. Hapa herufi imeegemea kushoto, pale imepanda juu kidogo. Wajuzi hulinganisha tofauti hizo ndogo mpaka wakalitambua bamba, kama vile mwalimu atambuavyo mwandiko wa mwanafunzi aliyesahau kuandika jina.

Baadaye herufi ziliwekwa katika pembe zote nne, kwa kuwa wajanja walikuwa wakiunganisha vipande visafi vya stempu mbili zilizokwisha tumika. Nambari ya bamba nayo ikachongwa ndani ya nakshi za ubavuni, kushoto na kulia, tena ndogo kama mguu wa siafu. Stempu ya babu ilikuwa ya aina hii. Chini ilikuwa na H na C, yaani safu ya 8, nafasi ya 3. Nikapiga hesabu, nikapata kuwa ni stempu ya 87 kati ya 240.

Kisha nikatazama ubavu wa kushoto. Nikaona 77.

Wacha nikwambie, moyo ulinidunda! Bamba la 77 halikukubaliwa kwa kazi, lakini stempu zake chache mno zilitoka, na leo zinauzwa kwa pesa za kununua nyumba. Nasi nyumbani tulikuwa na deni la karo. Muhula ule nilikuwa nimefukuzwa mara mbili. Nikapiga kelele, mjomba akampigia simu mfanyabiashara mmoja mjini, na kufikia jioni majirani walishatupongeza.

Shule zilipofunguliwa, mwalimu wa fizikia aliniazima lenzi. Aliniuliza swali moja tu, "Na ubavu wa pili unasemaje?" Jamani, sikuwa nimeutazama! Kule kushoto wino mweusi wa muhuri ulikuwa umefunika tarakimu ya kwanza. Kulia palikuwa safi, pakisomeka 177. Ni stempu ya kawaida kabisa, bei yake haifiki hata ada ya mtihani.

Mjomba hakukubali upesi. Alisema, "Mpwa wangu, hiyo moja ikikwaruzwa kidogo kwa wembe, nani atajua?" Sitadanganya, usiku ule nililifikiria jambo hilo. Lakini mama alimjibu, "Baba alipikia watu miaka mingi na hakuchukua hata kijiko. Hatutaanza wizi kwa albamu yake." Mjomba akanyamaza, kisha akampigia tena yule mfanyabiashara na kumweleza ukweli.

Maoni yangu ni haya. Si macho yaliyonikosesha, ni tamaa ya jibu. Nilipoona 77 niliacha kutazama kwa sababu nilikuwa nimepata nilichotaka. Ingalisomeka nambari nisiyoipenda, hapana shaka ningaliigeuza stempu mara kumi!

Hata shuleni tunafanya vivyo hivyo. Muhula uliopita kikokotoo kilipotea darasani kwetu. Tulimshuku mwenzetu mmoja kwa kuwa alibaki peke yake wakati wa chakula, tukamwita mwizi wiki nzima. Mimi pia nilimwita. Kikokotoo kikapatikana kwenye droo ya maabara. Ni kweli alibaki darasani, lakini huo ulikuwa ubavu mmoja tu. Wa pili hakuna aliyeutazama, kwa maana tulishapata wa kumlaumu. Nachukua nafasi hii kumwomba radhi mbele yenu nyote.

Basi wenzangu, jibu likikupendeza sana, hapo ndipo uazime lenzi. Walimu wetu nao nawaomba watuulize mara kwa mara swali lile la mwalimu wa fizikia, hata nje ya maabara.

Karo bado mama anailipa kidogo kidogo kwa kuuza mandazi. Stempu imo albamuni, na chini yake nimeandika kwa penseli: HC, bamba la 177. Anayetaka kuiona aje siku ya chama, nitamwonyesha pande zote mbili.