Bwawa Kubwa Pekee Halimwokoi Mwatiko

Vijana wa Unguja, maji mafu yakifika, bahari haipandi mpaka bwawani. Bwawa dogo linapungua, maji yanapata moto na chumvi inakolea. Hapo wengi mnawakamata mwatiko wakubwa, mnawatia ndooni na kuwamwaga bwawa kubwa. Asubuhi wanaelea, na lawama anabebeshwa muuza chakula.

Mimi nasema tatizo ni haraka. Kweli mwatiko mvumilivu, anaishi maji chumvi na maji baridi. Lakini mabadiliko ya ghafla yanamdhoofisha. Tena akishtuka anaruka, anapukutika magamba, na maradhi yanapitia hapo hapo.

Basi usimlishe siku moja kabla. Mhamishe alfajiri au jioni. Tumia tangi lenye pampu ya hewa, ongeza maji ya bwawa jipya kidogo kidogo kwa muda wa saa nzima, kisha liinamishe atoke mwenyewe. Siku hiyo usimlazimishie chakula. Kikibaki kinaoza na kumaliza hewa majini.

Umemlisha miezi mingi ukitarajia kumfikisha soko la Malindi. Saa moja ya subira inakushinda nini?