Faini ya maktaba haifuti haki ya mwenzio

KILA sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu zetu Waislamu, leo tunapenda kuzungumzia jambo ambalo wengi wetu hulihesabu kuwa dogo, nalo ni vitabu ambavyo vijana wetu huviazima katika maktaba za vyuo. Hatukusudii kila kitabu. Tunakusudia vile ambavyo mhadhiri amevitaja kuwa ni vya lazima kwa somo lake, na ambavyo mkutubi, kwa kuwa nakala ni chache na wenye kuvihitaji ni wengi, huviondoa katika rafu za kawaida na kuviweka nyuma ya kaunta. Mwanafunzi huacha kitambulisho chake, akapewa kitabu kwa saa chache akisome humo humo ndani. Baadhi ya maktaba humruhusu kukichukua jioni kwa sharti kwamba asubuhi yake kiwe kimerudi. Akichelewa hutozwa faini, na aghalabu faini hiyo huhesabiwa kwa saa, si kwa siku.

Utaratibu huu haukuwekwa ili kumsumbua mtu. Tuchukulie darasa la wanafunzi 120 na nakala 3 za kitabu. Ikiwa maktaba hufunguliwa saa 12 kwa siku, na kila msomaji akapewa saa 2, basi watu 18 ndio watakaokisoma kwa siku moja, na darasa zima litamaliza zamu katika siku 7. Sasa mmoja wao aifiche nakala moja. Zamu zitashuka hadi 12 kwa siku. Ikiwa mtihani ni baada ya siku hizo 7, vijana 36 wataingia katika chumba cha mtihani bila ya kukifungua kitabu hicho hata mara moja. Hiyo ndiyo kazi ya mtu mmoja na nakala moja.

Na njia za kufanya hivyo ni nyingi. Yuko anayekaa na kitabu bwenini hadi mtihani upite. Yuko anayekipachika katika rafu ya somo jingine ili akikute yeye peke yake kesho. Yuko anayechana kurasa za sura moja, akakirudisha kitabu kikiwa na jalada zuri na tumbo tupu. Na wako wahadhiri, tuseme kweli, ambao huichukua nakala pekee mwanzoni mwa muhula na kuiweka ofisini mwao mpaka muhula uishe.

Ndugu zetu, kuazima kuna hukumu zake katika dini yetu. Kabla ya vita vya Hunayn, katika mwaka wa 8 Hijria, Mtume (S.A.W.) alimwendea Safwan bin Umayya, ambaye wakati huo alikuwa bado hajasilimu, akamtaka ampe deraya. Safwan aliuliza kama zinachukuliwa kwa nguvu. Mtume akamjibu kwamba ni azimo lenye dhamana. Na imepokewa kwamba baadhi ya deraya zilipopotea, Mtume alijitolea kumlipa. Kutokana na tukio hilo, wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi katika pwani yetu, wamesema kuwa mwenye kuazima huwajibika kukilipa kitu kikipotea mkononi mwake, hata kama hakufanya uzembe. Wamesema pia kwamba hana ruhusa ya kumwazimisha mtu mwingine bila ya idhini ya mwenyewe. Na katika Surat An-Nisaa, aya ya 58, tumeamrishwa kuzifikisha amana kwa wanaostahiki.

Tunasema kwamba katika kitabu cha namna hii amana ni mbili. Ya kwanza ni karatasi na jalada, navyo ni mali ya chuo. Ya pili ni saa zake, nazo ni mali ya wanaosubiri. Kijana akichelewa kisha akalipa faini, amelipa haki ya maktaba. Haki ya mwenzake aliyesimama kwenye kaunta akaambiwa kitabu hakipo, haikulipwa. Mkutubi hawezi kuipokea kwa niaba yake, wala risiti haiifuti. Dhuluma kati ya waja haiondoki mpaka aliyedhulumiwa arudishiwe haki yake au asamehe mwenyewe. Je, yule aliyewadhulumu vijana 36 asiowajua hata kwa majina atakwenda kumwomba radhi nani? Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Deni hili matanga yake ni makubwa, kwa sababu mdai wake hajulikani.

Lakini haki haiko upande mmoja. Mwenye kuazimisha naye ana wajibu. Surat Al-Maun imewakemea wanaowanyima watu misaada midogo, na wafasiri wengi wameieleza kuwa ni vyombo ambavyo majirani huazimana, kama chungu na ndoo. Yaqut al-Hamawi, mtaalamu wa jiografia aliyekaa Merv mwanzoni mwa karne ya 13, ameeleza kwamba mji ule ulikuwa na maktaba 10 za wakfu, na kwamba nyumbani kwake hazikukosekana juzuu 200 au zaidi alizoziazima bila ya kuweka rehani. Humo ndimo alimochota sehemu kubwa ya elimu ya vitabu vyake. Maktaba inayofungia vitabu kabatini kwa kuogopa vitapotea imevihifadhi, lakini imeinyima elimu njia.

Hata hivyo, ukarimu wa Merv haukai mahali ambapo waazimaji hawana adabu. Kadhi Ibn Jamaa, katika kitabu chake alichokikamilisha mwaka 1273 kuhusu adabu za mwalimu na mwanafunzi, aliweka mlango mzima juu ya vitabu. Humo anamtaka mwenye kuazima amshukuru mwenye kitabu, asikikalie bila ya haja, asiandike pembezoni bila ya idhini, na akirudishe anapotakiwa.

Kwa hiyo tunawanasihi wahadhiri wapeleke orodha ya vitabu kwa mkutubi kabla ya muhula kuanza, na warudishe nakala walizonazo. Tunawanasihi vijana wakirudishe kitabu kabla ya muda kwisha pindi wanapomaliza sura waliyoitaka. Nanyi wazazi, vijana wakirudi likizo, tazameni vitabu walivyokuja navyo. Mkikuta muhuri wa maktaba, ulizeni tarehe ya kurudishwa. Kama imepita, msifurahi kwamba mtoto anasoma sana. Mpeni nauli akirudishe.

Wabillahi tawfiq.