TAMKO KUHUSU USALAMA WA RELI NA TAWI LA KALIUA–MPANDA

Sisi, chama cha abiria na wasafirishaji wa mazao wa Sumbawanga, tunatoa tamko hili kwa Shirika la Reli Tanzania (TRC), Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) na wabunge wa Rukwa na Katavi.

Ufipa, kwetu mkoani Rukwa, haina reli. Hata hivyo, wengi wanaotoka Laela, Matai au Namanyere kwenda Tabora na Kigoma hupandia treni Mpanda. Reli ikiharibika, wanaoumia ni ndugu zetu.

Asubuhi ya Juni 24, 2002, treni ya abiria yenye watu zaidi ya 1,200 ilishindwa breki ikiwa mlimani karibu na Igandu, mkoani Dodoma. Ilirudi nyuma kwa kasi mteremkoni, ikaivaa treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Wengine hawakutambuliwa hata na ndugu zao.

Kinachotuuma ni kwamba ajali ya namna hiyo ilikwishatokea. Juni 12, 1889, huko Armagh, Ireland, treni ya matembezi iliyojaa watoto ilishindwa kupanda mlima. Mabehewa ya nyuma yakakatwa, yakazuiwa kwa mawe na breki ya mkono. Yakateleza, yakagonga treni iliyofuata, na watu wapatao 80 wakafa. Mwaka huohuo Bunge la Uingereza lilitunga sheria: kila treni ya abiria iwe na breki zinazojifunga zenyewe upepo ukikatika bombani, na treni mbili zisiachwe kwenye kipande kimoja cha njia.

Breki hizo zina udhaifu wake. Treni ikisimama mlimani kwa muda mrefu, upepo uliohifadhiwa kwenye mitungi ya mabehewa huvuja, na breki hulegea. Kwa hiyo breki za mkono zifungwe na kabari zisukumwe chini ya magurudumu kabla fundi hajagusa bomba lolote. Kazi hii haihitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Inahitaji kabari ziwemo ndani ya treni na wahudumu waliofundishwa kuzitumia.

Tunatambua yaliyofanyika. Njia ya Dar es Salaam hadi Isaka, kilomita 970, imekarabatiwa na kuwekewa reli nzito za pauni 80 kwa yadi. Tawi la Kaliua–Mpanda halikuwemo katika ukarabati huo.

Tunadai tawi hilo likaguliwe, mataruma na madaraja yake, kabla ya mabehewa kuongezewa mzigo. Tunadai pia ripoti ya kila ajali ya treni itangazwe kwa Kiswahili na ibandikwe stesheni, ikitaja chanzo, hatua iliyoagizwa na tarehe ya kuitekeleza. Abiria wa Mpanda aisome kabla ya kukata tiketi.

Tunaiomba TRC ituletee majibu kwa maandishi, na wahandisi wake waje Sumbawanga kuyaeleza mbele ya wananchi.